Shada la Jamhuri Mlangoni kwa Bi Gomti

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano: kupanda kiti, kukata uzi, kushusha shada, kwaheri. Ndiyo maana Kache hakumbeba mtoto.

"Nikichelewa sana ni magharibi," alimwambia wifi yake Pamela, akimkabidhi Whitney pale uani kwao Kakuyuni. Whitney alikuwa na miezi minane. Mnene, mzito wa kusogea, hata kutambaa hajajua. Ukimkalisha mkekani, hapo hapo utamkuta. "Amenyonya sasa hivi. Akilia mpe uji kidogo."

"Nenda zako, wifi. Kwani mimi sijalea?"

Hakuwa amelea, Pamela huyo, hata kuolewa bado. Lakini alikuwa na moyo mwema, na hilo mlishike, kwa maana ndilo litakalotufikisha mwisho wa habari hii.

Siku hizi Malindi kuna mtindo. Ikikaribia Madaraka, Mashujaa au Jamhuri, watu hutundika shada kwenye mlango wa mbele: duara la ukindu lililozungushiwa nguo nyeusi, nyekundu na kijani, na ukanda mwembamba mweupe kati yake, rangi za bendera. Mahoteli ndiyo yaliyoanza, nyumba za watu zikafuata, na sasa usipotundika jirani anakuuliza kama wewe ni mgeni nchini. Kache ndiye aliyekuwa akiwasukia. Kwa Jamhuri hiyo alisuka kumi na mawili, na la kumi na mbili lilikuwa la Bi Gomti.

Bi Gomti alikuwa mjane wa Kihindi, mzaliwa wa Malindi hapo hapo. Ukimsikia akiongea bila kumwona utadhani ni bibi wa Kiswahili wa mtaa wa Shela. Familia yake ina duka la vitambaa, na Kache alikuwa mteja wao wa miaka. Yeye hakutaka kijani cha nguo. "Nifanyie majani ya mwembe mabichi," alisema. "Sisi siku ya furaha hutundika majani ya mwembe mlangoni. Ni kuikaribisha heri iingie."

Kache akafanya alivyoambiwa. Kosa lake halikuwa kwenye majani. Lilikuwa kwenye nyekundu.

Usiku wa kuamkia sikukuu nguo nyekundu ilimwishia. Limebaki shada moja, maduka yamefungwa. Akainua macho, akakiona kile kikapu kinachoning'inia kwenye paa.

Kilikuwa cha Hawe Kadzo, bibi yake mzaa baba, aliyemlea na kumwachia kikapu hicho alipokufa. Ndani mlikuwa na vitambaa vitatu vilivyofifia: cheusi, cheupe na chekundu. Kache alivijua. Vilikuwa vya kigango cha babu yake, Tsawe Ngala.

Kigango, kwa asiyejua, ni nguzo ya mbao yenye kichwa cha duara, imechongwa maua kifuani, husimikwa na Wagiriama mzee wa heshima akifariki. Hufungwa vitambaa shingoni na kiunoni. Basi hapo mzee ameshapata pa kusimama. Kigango kikishasimikwa hakisogezwi. Hata mji mzima ukihama, kinaachwa pale pale na nguo zake.

Cha Tsawe Ngala, huko Marafa, kilisogezwa. Wezi waliking'oa wakaenda kukiuza kwa wakusanyaji wa vitu vya kale, na vitambaa wakavitupa karibu na shimo. Hawe Kadzo akaviokota. Tangu siku hiyo, alisema, kila jioni kulikuwa na mtu anapiga hodi, naye hakumwitikia hata mara moja. "Hodi ya magharibi haiitikiwi mpaka mtu ajitaje," aliwafunza wajukuu. "Mzee hana pa kusimama. Anatafuta mbao, na mtu wa kumwambia karibu."

Maneno hayo Kache aliyasikia tangu hajaota meno ya pili. Lakini shada lilikuwa limebaki moja tu, usingizi unamlemea, na yeye ni mtu wa kanisa. Nguo ni nguo, akajiambia. Akachukua chekundu.

Siku ya nne baada ya sikukuu, Bi Gomti akapiga simu.

"Majani yamekauka, mwanangu, yananimwagikia kizingitini. Njoo uliondoe shada lako. Na mlango wangu huu... wewe njoo tu."

Pikipiki ilipata pancha njiani, Kache akafika jua limeshashuka nyuma ya nyumba. Barabarani watoto walikuwa wakiitwa ndani. Akasimama mbele ya ule mlango, na kwa mara ya kwanza akautazama sawasawa.

Ulikuwa mlango wa zamani, mzito, umechongwa maua ya duara kutoka juu hadi chini. Aliyaona maua hayo mara ngapi, wala hayakumwambia kitu. Leo yalimwambia. Ndiyo yale yale ya kifuani mwa kigango.

Na shada juu yake lilikuwa limebadilika. Majani yote ya mwembe yalikuwa chini, makavu. Kijani kimekwisha. Kilichobaki kimezunguka mbao ni cheusi, cheupe na chekundu.

Bendera ilikuwa imeondoka na majani. Hizo zilizobaki zilikuwa rangi za nguo za mzee.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, chukua kiti jikoni. Cha nje kimevunjika mguu."

Moyo ulimwambia asipite. Mtu husikia moyo wake vizuri sana, kisha huona haya kumkatalia mama mtu mzima. Kache akapita. Akachukua kiti, akarudi nacho sebuleni, akamkuta Bi Gomti amesimama anautazama mlango.

Ulikuwa unajifunga.

Polepole. Hapakuwa na upepo. Ukaja, ukaja, ukakaa kwenye fremu yake bila hata kulia bawaba.

"Hivyo ndivyo ulivyoanza juzi," Bi Gomti akanong'ona.

Kache akaweka kiti chini, akashika mkono wa mlango. Mkono ukageuka, kufuli ikafunguka, akaisikia kwa masikio yake. Akavuta. Sasa, mlango uliokwama hutingishika japo kidogo. Huu haukutingishika. Ilikuwa kama kuvuta mti ulio shambani.

Wakavuta wote wawili. Wapi.

Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli kubwa, na funguo zake alikuwa nazo Nikhil, mwana wa Bi Gomti, aliyekwenda Mombasa na mkewe Tanvi tangu asubuhi. Madirisha yote yana nondo. Nyumba za mjini huwa hivyo: tunawafungia wezi nje mpaka siku tunapojikuta sisi ndio tuliofungiwa. Bi Gomti akampigia Nikhil. Nikhil akacheka kidogo, akasema mbao imevimba kwa unyevu, mwiteni Kambi asukume kwa nje.

Kambi alikuwa mlinzi wa nyumba ya jirani, mtu mzima, mpole. Akapigiwa simu. Wakamsikia akija, ndara zake zikiburura kwenye mchanga, mpaka zikasimama nje ya mlango.

"Mama, mbona mlango uko wazi?"

Sauti ilitoka kwenye simu mkononi mwa Bi Gomti, na wakati huo huo ikatoka nyuma ya mbao. Alikuwa hatua moja tu kutoka walipo.

"Umefungwa, Kambi. Sukuma."

"Nisukume nini, Mama? Uko wazi wote. Naona sebule. Naona kiti hapo katikati. Nyinyi mko wapi?"

Kache akapiga mbao kwa viganja vyote viwili. Akaita, "Baba Kambi! Tuko hapa!" Akapiga tena mpaka mikono ikamuuma.

"Sisikii mtu," Kambi akasema simuni. Kisha sauti yake ikashuka. "Mama... huyu mzee aliyesimama hapa mlangoni ni nani?"

"Mzee gani?"

"Mwenye fimbo. Anasema ni mgeni wenu. Anasema mmemkaribisha."

Simu ikakatika. Nje zikasikika ndara zikikimbia, na moja ikaachwa njiani.

Halafu harufu. Ugoro, na udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Ilikuja taratibu, ikajaa sebule. Kache aliijua harufu ile kutoka utotoni, kutoka kwenye kanzu ya babu iliyokuwa ikitundikwa nyuma ya mlango wa Hawe Kadzo. Akaketi chini sakafuni.

Ko... ko... ko.

Haikutoka nje. Wala haikutoka ndani. Ilitoka kwenye mbao yenyewe.

"Mama," Kache akasema kwa sauti ndogo, "hodi hiyo umeisikia tangu lini?"

"Jioni tatu sasa." Bi Gomti alikuwa amejifunika mtandio mpaka kidevuni. "Nafungua, sioni mtu."

"Ukasema nini?"

"Mtu akipiga hodi anaambiwa nini, Kache? Nilisema karibu."

"Mara tatu?"

"Mara tatu. Nina majani ya heri mlangoni, nianze kuuliza mgeni wewe nani? Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa hapa hapa Malindi."

Kache akaona aibu iliyomzidi hofu. Akamweleza yote, kikapu, kitambaa, kigango kilichong'olewa, bila kujitetea. Bi Gomti alisikiliza hadi mwisho. Hakumtukana, na afadhali angemtukana.

"Kwa hivyo umemvika babu yako mlango wangu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nimemwambia akae."

"Ndiyo."

"Na kikishasimama hakisogezwi."

Kache alikuwa anatazama kifua chake. Blauzi ilikuwa imelowa pande zote mbili. Ilikuwa saa ya Whitney kunyonya, na maziwa hayajui habari za milango. Akampigia Pamela, na kabla Pamela hajasema lolote akamsikia mwanawe nyuma, analia kilio kile cha kukauka koo.

"Wifi, uko wapi? Uji anautema. Maji anayatema. Na mwili umeanza kuchemka."

"Nakuja. Mbebe mgongoni, mzungushe uani. Nakuja."

"Unakuja saa ngapi?"

Saa ngapi! Kache akakata simu. Akauendea mlango kwa mabega. Akaupiga teke. Akachukua kiti akaupiga nacho mpaka kikavunjika, na kwenye yale maua haukuonekana hata mkwaruzo. Bi Gomti alikuwa amewasha taa ndogo ya mafuta mbele ya picha ukutani akiomba kwa lugha ya mama yake. Moto wa ile taa haukusimama wima. Ulikuwa umelalia upande wa mlangoni.

Ko... ko... ko.

Ndipo Kache akapiga magoti. Huyu ndiye yule mtu wa kanisa. Alilia kwanza, kwa hasira zaidi ya hofu, kisha akafuta kamasi kwa kiganja, akaweka paji la uso kwenye mbao. Ilikuwa na joto.

"Tsawe Ngala," akanong'ona. "Mimi ni Kache wa mwanao Mwaro, mjukuu wako. Nguo yako nimeichukua mimi, na nimekosa. Lakini hapa si kwako. Huyu mama si mtu wako. Nina mtoto mdogo anaungua homa. Nifungulie... nifungulie, twende sote kwangu. Nitakupa pa kusimama."

Alikuwa na nia ya Marafa. Alikuwa na nia ya lile shimo kilipong'olewa kigango, kwa mchana, na wazee wenye kujua maneno. Lakini mtu mwenye mtoto anayelia hapimi maneno. Alisema kwangu.

Bawaba ikalia. Kidogo tu.

Mlango ukafunguka, na upepo wa bahari ukaingia sebuleni na sauti ya watu wakitoka kuswali. Barabara ilikuwa vile vile. Ndara moja ya Kambi ilikuwa mchangani. Kache akanyoosha mkono juu kwenye shada, na hakuhitaji mkasi. Chekundu kilimwangukia kiganjani chenyewe.

"Utalala nacho?" Bi Gomti akauliza kutoka ndani. Hakuwa tayari kukanyaga kizingiti.

"Alfajiri nakipeleka Marafa, Mama. Nisamehe."

"Nenda kwa mtoto. Nenda."

Akakitia kwenye mkoba, pamoja na nyuzi na mkasi, akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona. Njia nzima kijana wa pikipiki alilalamika. Gurudumu la nyuma lilikuwa linazama, alisema, mbona leo pikipiki nzito hivi, dada umebeba nini? Kache akamwambia aendeshe.

Haikuwa hata saa mbili na nusu alipofika. Whitney alikuwa bado analia, sasa kwa sauti nyembamba iliyokauka, mdomo wazi. Pamela alikuwa amechanganyikiwa. Kache alinyoosha mikono, halafu akairudisha. Mama aliyetoka njiani jioni hamnyonyeshi mtoto kabla hajaoga, asije akamwingizia upepo mbaya wa huko. Hilo pia Hawe Kadzo alimfunza, na baada ya mambo ya leo hakuwa tayari kudharau hata neno moja la Hawe Kadzo. Akautupa mkoba kitandani.

"Nioge haraka, nakuja. Dakika tatu."

Akaenda uani, akajimwagia maji kifuani na miguuni, anahesabu moyoni. Alikuwa anafika ndoo ya mwisho mtoto aliponyamaza.

Hakunyamaza kidogo kidogo, kwa kwikwi, kama watoto wanavyonyamaza. Kilio kilikatika.

Kache akajifunga leso, akarudi mbio. Mlangoni akakutana na Pamela, uso umejaa furaha, macho bado yana machozi.

"Ametulia, wifi. Nilijua tu, ni upepo umemwingia. Nikasema nimfunge chekundu kiunoni, mama alivyokuwa akitufunga sisi. Nimekikuta kwenye mkoba wako." Akapunguza sauti. "Na hebu tazama mwanao. Njoo uone."

Kache akatazama.

Whitney alikuwa amesimama.

Katikati ya chumba, peke yake, hashiki kitu. Yeye ambaye asubuhi hata kutambaa alikuwa hajui. Miguu ameibana pamoja, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu. Kitambaa chekundu kimemzunguka kiunoni. Homa hakuna. Machozi hayapo. Macho yake yalikuwa yametazama nje, yametulia kabisa, macho ya mtu aliyefika baada ya safari ndefu.

Chumba kilinuka ugoro.

Kache akamshika chini ya makwapa, akamwinua.

Hakuinuka.

Akatia nguvu. Akaita jina lake, "Whitney, mama, njoo, njoo unyonye." Akapapasa kiunoni kutafuta fundo alifungue, vidole vikazunguka mara moja, mara mbili. Pamela alikuwa amefunga fundo, aliapa kwamba amelifunga. Fundo halikuwepo. Kitambaa kilizunguka kimoja, hakina mwanzo wala mwisho.

"Wifi," Pamela akasema nyuma yake, sauti imebadilika. "Wifi, kuna nini?"

Kache alikuwa ameinama, uso kwa uso na mwanawe, na maziwa yanamdondoka sakafuni. Alijua la kuuliza, na hakutaka kuliuliza. Mwishowe likamtoka, kwa pumzi tu.

"Tsawe?"

Mwili wa mtoto haukusogea. Shingo peke yake ndiyo iliyogeuka, taratibu, mpaka macho yakakutana na yake.

Nyuma yao mlango wa bati ulikuwa wazi, hauna kufuli, hauna komeo, unapigapiga kwa upepo. Pamela aliupita akikimbia, akiita majirani. Yeyote angeweza kutoka.

Kache akaketi sakafuni miguuni pa mwanawe, akakumbatia vile vifundo vya miguu vilivyokuwa baridi, na hapo ndipo majirani walipomkuta.